Mpima Hewa ya Michungwa

Fundi wa udongo aliyekuja shambani kwetu Kikoneni baada ya mafuriko alikuwa mwanamke wa maneno machache, kucha zake zimejaa tope. Kila asubuhi alimwamkia mama shikamoo, akavua viatu, akapiga magoti chini ya michungwa iliyotusomesha, ambayo sasa ilikuwa ikinyauka. Alichomeka ardhini vihisio vyake vya elektrodi, vya kupima oksijeni iliyomo katika hewa ya udongo, akangoja namba itulie huku akinong'ona, "Taratibu, taratibu." Mama alikwisha kumwita jirani yetu Kombe aje na shoka. "Mwanangu, miti hii imekufa," alimwambia fundi. "Haijafa, mama. Mizizi imekosa hewa. Nipe wiki moja." Kwa sauti ileile ya chini aliomba jembe, akaanza kuchimba mtaro wa kuyatoa maji, mpaka viganja vikamchubuka. Kombe alipofika na kumwona, aliweka shoka chini, akachukua jembe la pili. Siku ya saba, kwenye mchungwa wa kwanza, oksijeni ilipanda kutoka asilimia tatu hadi kumi na moja. Mama alilia. Fundi alimshika bega, akamwambia, "Bado miti arobaini, mama," akaelekea kwenye mchungwa wa pili.