Uzito wa Bénita

Pale Munigi, ukiuliza ni nani anayepima watoto, utaelekezwa kwa Charline. Alizaliwa Butembo, akauza maharage sokoni miaka mingi, kisha watafiti wa lishe wakamchukua kwa sababu kina mama walimwamini. Kazi anaipenda kupita kiasi. Hata kanisani, padri akihubiri, macho yake yako kwenye mikono ya watoto wa benchi la mbele.

Kasoro yake ni huruma, na huruma ndiyo iliyomponza siku alipofika Mama Mukamugema.

Bibi huyu alikimbia vita kutoka milima ya Masisi, na mgongoni alimbeba mjukuu wake Bénita, yatima wa mama. Utafiti ulitoa chakula cha karanga kwa watoto waliokonda tu. Aliyevuka kipimo alirudishwa na ushauri. Bibi akakataa katakata mjukuu wake kuning'inizwa kwenye mizani ya kamba kama mbuzi wa sokoni. Charline akakubali wapande wote wawili mizani ya chini, kisha bibi apande peke yake, tofauti iwe uzito wa mtoto. Kitenge alichobebewa mtoto nacho kilipaswa kuvuliwa, lakini upepo ulikuwa mkali na mtoto analia, naye Charline akasema kitenge si kitu. Basi mtoto akalazwa mkekani akiwa ndani ya kitenge chake, bibi akarudi kwenye mizani.

Hesabu ikatoka kwamba Bénita amenona. Achille, daktari kijana aliyesimamia utafiti, akasema mizani haidanganyi, akamtaka bibi aende nyumbani kwa amani. Bibi akamwinua mtoto mkekani. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Charline aliumia moyoni. Utepe wa kupimia unene wa mkono, aliomfunga mtoto mapema, ulikuwa umesimama kwenye rangi nyekundu, rangi ya hatari. Mtoto gani huyo, mwili umenona na mkono umekonda? Akainama amsaidie bibi kumfunga mgongoni, na vidole vyake vikagusa kitu kigumu ndani ya kitenge. Viazi vitamu, vya kutosha chungu kizima.

Kwao bibi, mtu haendi kuomba msaada bila kitu, kwani mkono mtupu haulambwi. Wala zawadi haionyeshwi kabla kazi haijaisha, isije ikafanana na hongo. Hukabidhiwa mlangoni, wakati wa kuagana. Ndiyo maana alivificha chini ya mtoto akingoja saa yake.

"Ile ni yako, mama," alinong'ona kwa aibu. "Nilikuwa nangoya tumalize."

Achille alicheka mpaka akavua miwani. Kweli mizani haikudanganya. Ilipima kila ilichopewa. Bénita akapimwa upya, safari hii bila kitenge, na akapokelewa kwenye chakula cha karanga. Kuhusu viazi, kanuni za utafiti zinakataza zawadi, na Charline anazijua vizuri. Lakini kumrudishia bibi viazi vyake ni kumtukana. Vikachemshwa, wakavila pale pale wote watatu, bibi akitangulia.

Wiki zikapita, karanga zikafanya kazi yake. Siku ya kipimo cha mwisho Bénita aliletwa akipiga mateke mgongoni, mashavu yamejaa, na Charline alifurahi hata kabla ya kugusa mizani. Achille, bila kuambiwa na mtu, akapapasa kitenge kwanza. Mama Mukamugema alisimama ametulia, akamwacha apapase mpaka atosheke.

"Tafuta muzuri, dokta," akasema. "Leo uzito yote ni ya mutoto."