Imondo Iliyoniharibia Barua

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Kuna kichekesho cha nyimbo kwenye runinga ambacho Mluhya wake pekee ni soja wa geti. Kila kipindi anafunua sufuria ya kuku na kuimba, "Imondo iko wapi?" Imondo ni firigisi, ambayo kwetu Waluhya huachiwa mwanamume wa heshima. Kinaniudhi sana. Pia kinanichekesha, na wimbo naujua wote, lakini hilo niliwaficha wenzangu wa ofisini.

Ijumaa niliwaletea barua ya kukilalamikia kichekesho hicho, watie sahihi, tukiwa kwa Mama Nekesa, mahali tunapokulanga mchana. Tulikuwa tumeagiza kuku mzima. Nilihutubia hadi ugali ukapoa.

"Sisi si watu wa tumbo tu!" nilisema.

Muthoni, aliyehamishiwa hapa Kakamega majuzi kutoka Nyeri, akawa wa kwanza kutia sahihi. "Pole. Kweli wamewakosea," aliniambia.

Mama Nekesa akampakulia yeye kwanza, kwa kuwa ni mgeni, kisha akanipa mimi sufuria. Nikaona shingo, nikaona paja. Nikazungusha upawa mara mbili. Mwanamume mkubwa kwa umri pale mezani ni mimi! Nilishtukia nimesimama, upawa juu, na Mungu anisamehe, sikuuliza. Niliimba.

"Imondo iko wapi?"

Muthoni akatafuna polepole, akameza.

"Imeisha," akasema. "Sasa lete hiyo barua nifute jina langu."