Fideli Alisema "Irare", Mimi Nikailaza

Kichwa changu bado kinakataa, jamani. Leo asubuhi nimempigia simu Fideli nimuulize ameweka wapi spana namba kumi na saba. Simu imeita mpaka ikakata, ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi tulimzika.

Homa ya siku nne tu. Na miaka kumi na miwili tumefanya kazi gereji moja pale Gikondo, mimi upande wa springi na shokapu, yeye upande wa kila kitu.

Atakayelia kwenye comments nitamblock. Fideli alipenda kucheka, na leo tutacheka.

Kwa wasiomjua: alikulia Burundi, mimi nilikulia Ngara, Tanzania. Yeye na herufi L waligombana utotoni wasipatane tena. Hata jina lake mwenyewe alilitamka Fideri! Nilimcheka kila siku, na yeye akakicheka Kinyarwanda changu, ngoma droo.

Sasa kisa cha Mukecuru. Hilo ndilo jina tuliloipa gari ya mama yake, yaani bibi kizee: saluni ya zamani, rangi ya maziwa, kuukuu lakini inawaka ukigusa ufunguo. Siku moja Fideli aliileta gereji abadilishe shokapu, kisha akaenda mpaka Kabuga kuzitafuta.

Saa kumi jioni akanipigia. Upepo mtupu kwenye simu. Nilichosikia ni hiki: "Sha Deo, hiyo gari irare!" Sha kwake ni kama "rafiki yangu".

Wiki hiyo nzima tulikuwa na customers wanaotaka gari zao zishushwe karibu ziguse lami, na kazi hiyo sisi tuliiita kulaza. Gari ilale. Nikasema ala, kumbe hata Fideli kaingia kwenye fasheni! Nikashika grinda, nikakata springi zote nne, duara moja na nusu kila moja. Kwenye job card nikaandika: IMELALA. DONE.

Kesho yake asubuhi akaja, shokapu mpya kwapani.

"Yampaye inka!" akamaka kwa Kinyarwanda. "Mukecuru iko wapi miguu?"

"Si ulisema ilale?"

"Nirisema irare! Irare hapa gereji, mpaka asubuhi! Weye umeiraza kama mugonjwa!"

Springi ikishakatwa haiungwi. Nilijua leo napigwa, tena mbele ya boss.

Fideli akaizunguka gari mara mbili. Akachuchumaa, akainamisha kichwa, akaitazama ubavuni. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini juu ya tairi. "Rakini iko muzuri, sha." Nilimpenda sana mtu huyu.

Kila Dominika nilikwenda nao kanisani, na matuta ya barabarani yakawa msalaba wetu. Kila tuta tulishuka wote tuliokaa nyuma tukavuka kwa miguu, isipokuwa mama, aliyebaki kiti cha mbele ametulia kama waziri.

Tatizo lilikuwa magoti ya mama. Dominika ya kwanza, mbele ya kanisa, aligundua kwamba kuingia ni rahisi ila kutoka hakuna. "Deo! Hii gari ni shimo!"

Fideli akafungua mlango, akainama, akaweka mikono ya mama shingoni mwake. "Moja, mbiri, tatu!" Mama huyo, amesimama! Wanakwaya wakapiga vigelegele. Ikawa hivyo kila Dominika.

Mimi dhamiri ikanisuta. Nikatafuta springi nne mpya, za kimo cha kawaida, nikazipeleka Nyakabanda, nyumbani kwa mama. Akazitazama, akanitazama.

"Mwanangu, Fideri ana miaka arobaini. Unamujua mwanaume mwingine wa miaka arobaini anayekumbatia mama yake kira Dominika? Ukiinua hii gari, atanipa mukono kama askofu."

Springi zikarudi kwenye shelf, ndani ya boksi lao, miaka yote hiyo.

Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi, nikazichukua. Niliogopa, jamani. Niliona kesho yake pale makaburini, watu wote wanatazama, mama amekwama kwenye gari, na aliyezoea kumtoa ndiye tunayemzika. Nikafika Nyakabanda, nikaweka jeki chini ya Mukecuru. Mama akatoka na fimbo yake.

"Toa hiyo jeki."

"Mama, kesho nani atakuinua?"

"Hii gari, nani ariiraza?"

"Ni mimi, mama."

"Basi weye utaniinua."

Jumamosi nikaendesha mimi. Tulipofika nikafungua mlango, nikainama, akaweka mikono yake shingoni mwangu. Ni mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikahesabu kwa sauti: moja, mbili...

"Mbiri," akanisahihisha sikioni. "Sema mbiri."

Nikasema mbiri. Akacheka, pale pale makaburini, akiwa amening'inia shingoni mwangu, na mimi nikalia kwa sauti kama mtoto. Haya, nimekiri. Nijiblock mwenyewe.

Fideli, Dominika hii saa moja asubuhi niko Nyakabanda, na zinazofuata zote. Gari haiinuliwi. Springi mpya nimezitoa kwenye shelf, nimempa mtu mwenye gari ya kubebea viazi. Spana sijaipata bado, na najua uliificha makusudi.

Rara, Fideri. Rara sarama. Na safari hii nimekusikia vizuri, sha: ni mpaka asubuhi.