Minyororo ya Theluji kwa Matope ya Kwetu

Mimi ndiye mtu wa tairi mtaani Umoja. Sijisifu, uliza. Nilifika Nairobi na shati moja na darasa la sita ambalo sikulimaliza, nikaziba pancha kando ya barabara ya Outer Ring mpaka vidole vikawa vigumu kama mpira wenyewe. Leo nina duka. Namba za ubavuni mwa tairi nazisoma kwa kidole, macho nimefumba. Mdogo wangu, ambaye nilimlipia karo mpaka chuo, hajui tofauti ya tairi na mandazi.

Ndiyo maana jambo hili linaniuma mimi kuliko lingemuuma mtu mwingine.

Gari langu la kwanza la maana lilikuwa la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kutoka Japani, upande wenye theluji. Nilijua hivyo kwa sababu kwenye buti kulikuwa na mkoba mgumu wenye minyororo miwili ya kuvisha tairi. Kila mteja nilimfungulia buti aone. "Hili limekanyaga barafu," nilisema. "Matope ya Kenya yatalifanya nini?" Minyororo yenyewe sikuwahi kuijaribu. Nilichofanya ni kung'oa tairi zilizokuja na gari, nikaweka pana zaidi, na rimu za kumeremeta ambazo hata polisi walikuwa wakiziangalia.

Mama akafa mwezi wa nne, mvua zimeshika. Kwetu magharibi, mtoto wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini. Akikosa naye yu hai, watu hawasemi neno, lakini kuanzia hapo wanajua mlango wa kubisha si wake. Mdogo wangu alitangulia na mwili. Mimi nilibaki nyuma gari ling'arishwe. Nilitaka kijiji kinione.

Mazishi yalikuwa saa saba mchana. Saa tano tukafika lami inapoishia. Mke wangu akatazama ule udongo mweusi mbele yetu.

"Mzee, si ufunge ile minyororo hapa hapa, kwenye ukavu?"

"Ikwaruze rimu?"

"Kwani tunaenda kuzika rimu?"

Nikatia gia.

Hatukumaliza hata kilomita mbili. Tairi zilijaa udongo zikawa laini kama maandazi mabichi, gari likakaa kwa tumbo. Nikatoa mkoba. Kuvisha mnyororo tairi iliyokwisha zama ni sawa na kumvisha soksi mtu aliyelala: nilichimba kwa mikono, jeki nayo ikazama, nikaweka ubao chini yake. Mnyororo ulipozunguka tairi, ncha zake hazikukutana. Palibaki pengo la kiganja kizima.

Mke wangu alikuwa ameinama juu ya mkoba. "Namba zilizoandikwa hapa si za tairi zako."

"Namba najua kusoma."

"Basi soma."

Wakati huo akaja kijana wa bodaboda, amezungushia gurudumu la nyuma kamba ya katani. Alikuwa anapita pale tulipokwama kama mtu anayepita sokoni. Akasimama.

"Baba, hii ya Nairobi imechoka? Pandeni, nitawabeba wote wawili. Huko mazishini mchungaji ameshaanza."

"Mimi nifike kwa mama yangu juu ya pikipiki ya kamba?"

"Kamba inafika, baba. Mnyororo ndio umekaa."

Mke wangu akajifunga leso, akapanda. "Unakuja?"

"Nenda. Nitafika na gari."

Hakuniuliza mara ya pili.

Niliunganisha zile ncha kwa waya. Gari likatoka, kweli, likaenda hatua kama ishirini, nami nikaanza kucheka peke yangu. Kisha waya ukakatika, mnyororo ukapiga bodi kama mtu mwenye wazimu, gari likalala mtaroni. Nikatembea.

Nilifika saa tisa. Watu walikuwa wanakula. Kaburi lilikuwa limejazwa na kupigwapigwa kwa mgongo wa jembe. Mdogo wangu akaja na sahani ya wali, akanipa.

"Tulikungoja, kaka, mpaka mchungaji akakataa. Nikatupa mimi."

Nilitafuta ujeuri usoni mwake nisiuone. Kwa hilo nikamchukia zaidi, na mpaka leo sijamaliza. Niliinama nikachota udongo nikauweka juu ya ule uliokwisha lala. Ulikaa pale kama kitu kilichomponyoka mtu.

Siku hizi wakija watu wa mahari, wanakaa kwa mdogo wangu. Mimi hupigiwa simu nikaambiwa yaliyoamuliwa. Mimi, niliyelipa karo.

Sasa nauza minyororo pia. Mteja akija, kwanza nasoma namba ya tairi iliyo kwenye gari, si ile anayonitajia yeye. Namwambia ajaribu kuifunga nyumbani, pakavu, kabla ya safari. Afunge kabla ya tope, aende polepole, asimame baada ya mwendo mfupi akaze tena. Wananiambia, "Mzee, wewe unajua biashara." Ile ya theluji nimeitundika ukutani. Wakiiulizia, nasema haiuzwi.

Mara moja tu nilimuuliza mke wangu ule udongo wa kwanza ulisikika vipi juu ya sanduku.

"Yalikuwa matope," akasema. "Haukusikika."