Nyumba Niliyoifuta Moa

Sikulazimishi uniamini, lakini jambo hili lilinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, mezani kwangu, hapa Usagara mjini Tanga. Na mimi si mtu wa kuona majini kila jani likitikisika. Kazi yangu ni kuchora ramani kwenye kompyuta.

Tulikuwa tunatengeneza ramani ya makazi ya Moa, kule karibu na mpaka wa Kenya. Wakusanyaji walipita nyumba kwa nyumba na simu zao, wakaweka alama na jina la mwenye nyumba. Mimi nililinganisha alama hizo na picha ya satelaiti, nikafuta zilizokosewa. Ukingoni mwa mikoko nikakuta nyumba yenye mkazi mmoja, Bi Mwanakombo. Kwenye picha, pale pale, palikuwa na kichaka kitupu. Nikafuta, nikahifadhi, nikaendelea na nyingine.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, wenzangu wamekwenda kula, akaingia bibi mmoja kajitanda kanga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu. Akasema ametoka Moa, na tangu jana hapaoni kwake.

Nilidhani ni usahaulifu wa uzee. Nikamuuliza wanawe wako wapi. Akazunguka meza, akanyoosha mkono kwenye skrini. Ramani ile haikuwa ikionyesha jina hata moja, lakini kidole chake kilitua pale pale nilipofuta.

"Mwanangu," akasema, "hapa palikuwa na mlango. Sasa nipitie wapi?"

Niliinama kutazama, na nilipoinua uso, hayupo. Mlinzi wa getini aliapa kwamba hakuona bibi yeyote akiingia wala kutoka.

Nikampigia simu Rehema, aliyekusanya taarifa za upande ule. Alisema alikaribishwa uani, akapewa maji ya kunywa, na bibi mwenyewe ndiye aliyemtajia jina. Sasa niambie, nimwamini nani, Rehema au satelaiti?

Kulipokucha nilikwenda Moa. Mwenyekiti wa kitongoji, mama wa makamo, akanipeleka hadi kwenye mikoko. Palikuwa na msingi wa mawe tu, umemezwa na miti. Aliniambia Bi Mwanakombo alikufa yeye mwenyekiti akiwa bado mtoto mdogo, na mpaka leo wenyeji wakipita pale hupiga hodi. Nilipomweleza yaliyonipata, hakushtuka. Aliniuliza jambo moja.

"Alikuja kwa upole au kwa hasira?"

Nikamwambia alikuja kwa upole.

"Basi mrudishie leo."

Nilifika ofisini saa tisa, na faili lilikuwa litumwe jioni ile ile. Nikaichora nyumba upya. Mkuu wangu wa kazi akaja, akaiona, akakasirika. Tunachoraje nyumba kichakani? Nikamwambia kama anataka, afute mwenyewe, mimi siwezi. Akakaa kwenye kiti changu, akashika kipanya, kisha akaganda. Bila kugeuka, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Nani huyo kasimama nyuma yangu?"

Wallahi, nyuma yake hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa mbele yake, upande wa pili wa meza. Akaachia kipanya taratibu, akainuka, akatoka. Ramani ikatumwa na nyumba ikiwemo.

Haukupita muda mkuu akaomba uhamisho. Hatujalizungumza jambo hili hata siku moja. Mimi bado nipo, lakini kila asubuhi, kabla hata ya chai, huifungua ramani ya Moa nione kama nyumba ipo. Mume wangu ananishauri niiache kazi hii. Nikiiacha, nani atakuwa anaangalia?

Nawe unayefanya kazi kama yangu, nakusihi: kabla hujafuta makazi ya mtu, tuma mtu akasimame pale kwanza. Ukishaulizwa njia na mtu uliyemfungia mlango wa kwake, hutulii tena.