Landrova ya Ng'ombe wa Nyangeta

Nilifunga safari ile kwa sababu dagaa walikuwa wananiozea. Kijiji chetu kiko mwisho kabisa wa rasi, upande wa Majita, na basi pekee lililokuwa likifika kwetu lilivunjika springi masika yale, likaondoka likichechemea, halikurudi tena. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Musoma mjini sabuni ilikuwa imerudi madukani, sukari imerudi, mitumba inamwagwa chini mpaka mtu unachagua rangi. Sisi wa rasini bado tulikuwa tunabeba wagonjwa kwa baiskeli. Nikasema nitanunua landrova, na nitainunua kwa fedha taslimu, bila mkopo hata wa senti moja.

Kwenye mkopo sina mzaha. Nikiwa mdogo niliona plau ya baba yangu ikitolewa uani na kupakiwa kwenye lori, kwa sababu ya mbegu na dawa ya pamba alizokopeshwa mwaka ambao mvua haikunyesha. Baba alisimama mlangoni akiangalia, mikono imening'inia tu. Hakulima tena kama mtu mwenye nia, na mimi nikaapa kwamba jina langu halitaandikwa kwenye karatasi ya deni.

Nilikuwa na ng'ombe kumi na wawili, mahari ya binti yangu wa pekee, Nyangeta, aliyeolewa Butiama. Sina mtoto wa kiume ambaye ningemwozea mke kwa ng'ombe hao. Kwetu binti akivunja ndoa ng'ombe hurudi kwa wenyewe, hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini miaka miwili ilikuwa imepita, mjukuu amezaliwa, na nani anaamka asubuhi akiwaza ndoa ya mwanawe kuvunjika? Niliwauza wote mnadani. Nilijiona mtu mwerevu sana.

Jumatatu alfajiri tuliondoka nyumbani, mimi na shemeji yangu Masatu, kaka wa mke wangu. Masatu aliwahi kuendesha malori ya pamba, mimi hata baiskeli hunishinda. Fedha niliziweka ndani ya debe, juu yake nikajaza dagaa, maana mwizi wa mjini hapendi kunuka. Mke wangu alitusindikiza mpaka njia panda.

"Mkirudi mpitie kwa Nyangeta," aliniambia. "Ile barua yake siielewi."

Barua ilikuwa ya mstari mmoja: Baba, ukipata nafasi uje unione. Mimi niliona ninaielewa vizuri tu, mtoto amekumbuka kwao. Nikamjibu mke wangu kwamba safari hii Nyangeta ataniona nikiwa juu ya gari.

Musoma tulifika mchana na lori la samaki. Kulikuwa na landrova moja inauzwa karibu na ziwa, ya kijani, inang'aa kama sahani mpya, na moyo wangu uliikimbilia. Masatu hakuitazama rangi. Alitambaa chini ya gari na spana, akaanza kugonga vyuma kimoja kimoja huku ametega sikio. Mwenye gari alikuwa anacheka, kisha akaacha kucheka.

"Shemeji, twende," Masatu alisema akijikung'uta vumbi. "Rangi inadanganyaga. Chesisi imeoza, wameipaka lami juu."

Tulilala kwa ndugu yake Masatu, na Jumanne asubuhi tukaenda Bunda. Huko kulikuwa na fundi mmoja, Saidi, mtu wa kofia safi na mikono michafu, ambaye gereji yake ilikuwa nyuma ya soko. Alikuwa na landrova mbili. Ya kwanza Masatu aliizunguka, akaigonga, akaiendesha mpaka barabara kuu na kurudi, akashuka anatabasamu. Kwa bei ya ile, debe langu lilifika nusu tu.

"Mzee, isikupe shida," fundi Saidi alisema. "Toa hizo ulizonazo, zingine utaniletea ukishauza pamba. Tunaandikishana karatasi, basi."

"Karatasi kama hiyo ilichukua plau ya baba yangu," nilimjibu. "Nioneshe ile nyingine."

Ile nyingine chesisi yake ilikuwa nzima, gia zinaingia, injini inavuta. Kasoro ilikuwa stata. Ilikuwa imekufa, na stata ya kuifaa haikupatikana Bunda wala Musoma, labda Mwanza, labda Nairobi. Gari lilikuwa linawaka kwa kusukumwa tu. Masatu alininong'oneza nifikirie tena, nikamwambia gari bovu langu ni bora kuliko zima la mtu. Fundi Saidi alizihesabu noti huku akizipeleka puani.

"Hela hizi mlizivua kwa wavu wa kokoro?" aliuliza, na vijana wa gereji wakaangua kicheko. Kisha akanishika bega. "Mzee wangu, hii ukitaka kuizima, izimie mlimani. Ukiizima tambarare utalala hapo hapo."

Kati ya Bunda na Kiabakari nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoani. Niliwapungia watu nisiowajua. Nilipanga kichwani nitakavyopakia dagaa Jumatatu na Alhamisi, nitakavyombeba mgonjwa bure akiwa mjane. Kiabakari tulinunua soda, tukainywa gari linanguruma kando ya duka, na watoto wakasimama kulitazama. Kama Mungu angenichukua pale, ningekwenda nikicheka.

Saa nane mchana tulikata kulia, tukafika Butiama. Uwanja wa nyumba ya wakwe zangu ni tambarare kama meza, kwa hiyo Masatu hakuzima injini. Mkwe wangu, baba wa mume wa Nyangeta, alikuwa ameketi kibarazani. Mume mwenyewe alikuwa hayupo. Nyangeta alitoka jikoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kitambaa, umening'inizwa shingoni. Alimwamkia mjomba wake, akaniamkia mimi, akaitazama landrova, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kuchukua viti.

Alitoka na mtoto mgongoni na bunda la nguo. Akapanda nyuma ya gari, akakaa.

"Nilijua utakuja, baba," alisema. "Ila sikujua utakuja na gari. Twendeni kabla hajarudi."

"Mkono umefanya nini?"

"Ananipigaga. Juzi alichukua mpini wa jembe."

Mkwe wangu aliinuka, akaja taratibu. Hakuwa na hasira, na mpaka leo natamani angekuwa nayo.

"Mkwe, sikuzuii," alisema. "Kijana wangu nimemsema, hasikiagi. Mchukue mwanao. Lakini mila unaijua. Kesho kutwa nitatuma watu waje kuchukua ng'ombe."

Nyangeta alinitazama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, ng'ombe wako wapi?"

"Umewakalia, mwanangu," nikasema.

Alitazama kiti alichokalia. Aliweka mkono mzima juu yake, kisha akauondoa.

Masatu aliruka chini. "Shemeji, acha gari hapa! Tutarudi kwa miguu, na mtoto tutambeba!"

Mkwe wangu alitikisa kichwa. "Gari haizai, nami nitaipeleka wapi? Ila mimi si mtu mbaya. Kama ng'ombe hawapo, twende kwa mwenyekiti tuandikishane. Utalipa mmoja mmoja, hata miaka mitano."

Ilikuwa karatasi moja tu. Nilipaswa kusema ndiyo, neno fupi ambalo hata mtoto wa mgongoni angelisema. Lakini niliiona plau ya baba inatoka uani, nikamwona amesimama mlangoni na mikono yake. Injini inanguruma, gari linatetemeka, na mimi nimesimama kama mti.

"Nipe muda nifikirie," nikasema.

Nyangeta alishuka mwenyewe. Alivuta bunda lake kwa mkono mmoja, akamweka mtoto sawa.

"Usifikirie, baba," alisema. "Gari inakula mafuta."

Akaingia jikoni, na sikumwona tena siku ile. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Kutoka Butiama mpaka Makutano, na Makutano mpaka Musoma, Masatu aliendesha macho mbele, machozi yakimtoka, bila kuyafuta. Musoma tuliliacha gari kwenye mteremko, tukalala, na Jumatano asubuhi tukalisukuma tukaondoka.

Saa saba mchana tuliingia kijijini. Watu walitukimbilia, wanawake wakapiga vigelegele, vijana wakaning'inia kila mahali. Mke wangu alipita katikati yao mpaka nyuma ya gari, akachungulia.

"Yuko wapi?"

Nilimweleza pale pale, vigelegele bado vinaendelea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi moja?" aliuliza. Ndilo neno pekee aliloniambia wiki ile.

Jumatano iliyofuata nilirudi Butiama, nikiwa na kalamu mfukoni. Nilimwambia mkwe wangu twende kwa mwenyekiti, niko tayari kuandika. Alimtuma mtu jikoni kumwita Nyangeta. Yule mtu alirudi peke yake, ananitazama kwa huruma.

"Anasema ana kazi," alinipa jibu. "Anasema mwambieni baba asijitie kwenye deni."

Nilikaa kibarazani mpaka jua likaelekea kuzama. Nilisikia sauti ya mjukuu wangu akilia na sauti ya mama yake akimbembeleza. Hakutoka. Nimekwenda mara nne tangu hapo, na jibu ni lile lile.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kununua gari bila mkopo, nakupa niliyoyapata njiani. Usiitazame rangi. Gonga chesisi na usikilize. Gari lisilo na stata usilichukue hata kwa bei ya kuku. Hayo yote alinifundisha Masatu, na ni ya kweli. La kwangu mimi ni hili moja: kabla hujajisifu kwamba fedha yako ni taslimu, jiulize ni ya nani. Mimi nilikimbia karatasi ya fundi Saidi, nikakimbia na ya mkwe wangu, na sasa nina deni ambalo mwenyewe hataki hata nililipe.

Landrova bado inatembea. Kila asubuhi vijana huisukuma mteremkoni, ikawaka, na watu wakapanda. Mke wangu akiwa na safari ya Musoma hujitwisha kikapu chake, akashika njia kwa miguu. Tukimpita njiani, Masatu hupunguza mwendo. Mke wangu husogea kando, akangoja vumbi litulie.