Gemu la Brayden Lina Kaburi Letu

Nyie mnaosema "ni gemu tu" mnanichosha. Shangazi yangu Noeline, Myorta Yorta, mzawa asilia wa hapa Shepparton, Australia, alicheza mtandaoni miaka miwili na Brayden, kijana mzungu, akijaribu kumtoa kwenye makundi ya chuki. Akamwonyesha hata picha za kona ya mto alikozikwa bibi yetu.

Juzi Brayden katoa gemu lake mwenyewe. Kona ya mto humo ni ileile, na unashinda ukiwafukuza "weusi" wote, yaani sisi.

"We mwanangu, pale si nilikuonyesha mimi?" Shangazi akamuuliza kwenye maiki.

"Shangazi, acha kulialia. Ardhi ni ya aliyeichukua," Brayden akamjibu.

Wenzake wakacheka. Shangazi akavua hedifoni, hajazigusa tena.

Ukitumiwa gemu hilo, usilicheze hata kwa utani. Liripoti. Bibi yetu kalala humo.